Kompyuta Nayo Ina Watani Wake

Ndugu msikilizaji, na wewe pia unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili naanzia msibani. Mwanzoni mwa Desemba 2024 nilipigiwa simu saa kumi alfajiri nikiwa nyumbani Tanga, nikaambiwa baba yetu mdogo amefariki dunia kwake Handeni na atazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Nikapanda basi la kwanza mpaka Korogwe, nikamchukua dada yangu anayeishi Manundu pamoja na mwanawe wa kiume, tukashika barabara ya Handeni. Ni kilometa 65 za lami ambazo zamani, masika ikishika, zilikuwa zinaweza kukulaza njiani.

Mpwa wangu huyu ana umri wa miaka 24. Amesomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam, akamaliza, akarudi Korogwe, na tangu arudi hajapata kazi ya kuajiriwa. Anatengeneza simu karibu na stendi. Safari nzima alikuwa amekumbatia mkoba wenye kompyuta mpakato, ile iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, kwa fedha za mbuzi wawili na mahindi ya dada yangu. Dada alikuwa akiutazama ule mkoba kama mtu anavyomtazama ng'ombe asiyetoa maziwa.

Makaburini tuliwakuta watani. Wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelezwa, lakini gazeti hili husomwa hata na watu ambao kwao utani umebaki wa Simba na Yanga tu, kwa hiyo niseme kidogo. Kaburi lilipokwisha chimbwa, bwana mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe aliruka ndani ya mwanandani, akajilaza, akatangaza kuwa nyumba hiyo ameipenda na hatoki mpaka Wazigua walipe kodi ya pango. Akapewa elfu tano. Akasema elfu tano ni ya chumba kimoja na yeye kachukua nyumba nzima. Nyumbani nako, uani, bibi mmoja wa ukoo huo huo alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kikohozi cha marehemu, na anagomba kwa sauti ya marehemu kwamba kahawa imechelewa. Mjane alikuwa akilia. Akamtazama, akacheka. Akaendelea kulia huku anacheka.

Asubuhi ya pili, saa mbili kamili, wakati wanaume tunakunywa chai ya matangani na watoto wanakusanya mikeka, dada yangu alimfuma mwanawe nyuma ya banda la kuku, kompyuta mapajani, amezama.

"Wewe mtoto huna haya? Watu wako matangani, wewe unacheza gemu?"

"Si gemu, mama. Ni fumbo la leo."

"Fumbo la leo! Na la jana uliliona wapi, tulipokuwa tunazika?"

Kijana akanyamaza. Baadaye alinikiri kwamba hata la jana alilifanya, usiku, kwa bando la akiba. Dada akanigeukia mimi, maana mjomba ndiye hakimu wa kesi za namna hii, akasema, "Haya, msemeshe mpwa wako, wewe unayesema na dunia nzima redioni." Nikamchukua kijana tukaenda kukaa chini ya mwembe, na hapo ndipo nilipopata darasa ambalo leo nawapeni na nyinyi.

Kompyuta, ndugu msikilizaji, haielewi Kiswahili wala Kizigua. Mtu anayetaka ifanye kazi huiandikia maagizo kwa lugha maalumu iliyobuniwa na binadamu, na lugha hizo ni nyingi. Iko iitwayo Python, iko Perl, iko Ruby, na nyingine kwa mamia. Python kwa Kiswahili ni chatu, ingawa aliyeibuni, Guido van Rossum wa Uholanzi, hakumfikiria nyoka huyo. Alichukua jina kutoka kwa kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza, Monty Python. Handeni, ambako chatu humeza mbuzi wa watu, jina hilo lisingechekesha. Kila lugha ina watu wake, waliotapakaa dunia nzima, wengi wao wanafanya kazi ya kuitunza bila mshahara na hawajapata kuonana uso kwa uso. Wanabishana kama watu wa kabila hili na lile wanavyobishana juu ya nani hupika ugali mzuri. Na wana misimu yao ya kufanyiana mizaha.

Msimu mkubwa ni Desemba. Wakristo wa Ulaya wana desturi ya kuwapa watoto kalenda yenye vidirisha vya karatasi, kila siku kimoja hufunguliwa kuelekea Krismasi, na nyuma yake mna peremende. Watu wa Perl waliichukua desturi hiyo mwaka 2000 wakatengeneza kalenda ambayo nyuma ya kila kidirisha mna somo dogo la lugha yao. Mwaka 2015 Mmarekani mmoja, Eric Wastl, alianzisha ya kwake, na humo ndani hakuweka somo bali fumbo. Kila siku fumbo moja lenye sehemu mbili, kuanzia tarehe 1 mpaka 25 Desemba, na kila mtu hulifumbua kwa lugha yake aipendayo.

Nilipomsikia nikamwambia, "Mpwa wangu, hiki si kitendawili? Tega!" Akacheka. Akasema ni kitendawili hasa, isipokuwa ukishindwa humpi mtu mji, unarudi mwenyewe kesho yake ukiwa na aibu yako. Fumbo hutolewa saa sita usiku kwa saa za New York, kwa hiyo Mmarekani anayetaka kuliwahi hukesha. Korogwe linafika saa mbili asubuhi, mtu amekwisha piga mswaki na kunywa chai. Nadhani hilo ndilo jambo pekee katika ulimwengu wa kompyuta ambalo sisi tumepewa saa nzuri kuliko wenyewe.

Akanieleza fumbo la kwanza la mwaka ule. Kuna makundi mawili ya watu wamekwenda kuandika orodha ya namba za mahali. Wamerudi na orodha mbili, na orodha hazilingani. Kazi yako ni kupanga kila orodha kuanzia namba ndogo, kuziweka ubavu kwa ubavu, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, halafu kujumlisha tofauti zao. Orodha zenyewe ni ndefu, mtu wa kalamu na karatasi angeshinda kutwa. "Mistari minane tu, mjomba," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona uso wa mtu mwenye ufundi wake. Naomba ulikumbuke fumbo hilo, tutalirudia.

Desemba hiyo ina mambo zaidi. Yukihiro Matsumoto wa Japani, mwenye lugha ya Ruby, ana desturi ya kuwapa watu wake toleo jipya siku ya Krismasi yenyewe, tarehe 25, na tangu mwaka 2013 zawadi hiyo imekuwa ikifika kila mwaka. Wenzao wa Perl wao walikuwa na mzaha mchungu. Mwaka 2000 walitangaza kuwa wanaiunda upya lugha yao, toleo la sita. Watu walipouliza litakuwa tayari lini, jibu likawa, "Krismasi." Krismasi ya mwaka gani, hawakusema. Ikapita ya kwanza, ikapita ya tano, ikapita ya kumi, jibu ni lile lile, na mahasimu wao wakawa wanawacheka kama tunavyomcheka fundi cherehani wa mtaani ambaye suruali yako huwa tayari kesho. Hatimaye toleo likatoka, tarehe 25 Desemba 2015. Hawakuwa wamedanganya hata siku moja.

Msimu wa pili ni tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga. Hii tunaijua, tuliipokea kwa Waingereza pamoja na chai ya saa kumi. Tarehe hiyo, mwaka 1990, bwana David Waitzman alitoa waraka katika mfululizo ule ule wa nyaraka zinazoeleza kanuni za mtandao wa kompyuta, kwa lugha ile ile kavu ya kitaalamu, akieleza jinsi ya kusafirisha habari za kompyuta kwa kutumia njiwa. Unaandika habari kwenye kijikaratasi, unakifunga mguuni mwa ndege, unamwachia. Watu wakacheka, wakaendelea na kazi. Lakini miaka 11 baadaye, tarehe 28 Aprili 2001, kikundi cha wapenzi wa kompyuta katika mji wa Bergen, Norway, kikatafuta njiwa wa kweli na kuifanya kanuni ile kama ilivyoandikwa. Zilitumwa habari tisa, majibu yakarudi manne. Lililowahi lilichukua dakika 53 hivi.

Mzaha huo ukaja kufika Afrika ukiwa na meno. Septemba 2009, huko Afrika Kusini, kampuni moja iliyochoshwa na kasi ya mtandao ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ndogo yenye habari nyingi, akaruka kutoka Howick mpaka Durban, kilometa kama 80, kwa saa moja na dakika nane. Wakati huo huo habari zile zile zilikuwa zikitumwa kwa waya. Kadi ilipofika na kumwagwa yote ndani ya kompyuta, jumla ya saa mbili na dakika chache, waya ulikuwa umepitisha asilimia 4. Barua ya malalamiko ingesomwa na karani mmoja na kuwekwa kwenye faili. Njiwa alisomwa na dunia nzima. Ndivyo afanyavyo mtani msibani anapoingia jikoni na kutangaza kwamba nyama imefichwa na wakwe: kila mtu anacheka, na nyama inatoka.

Sasa chukua hili. Tarehe 1 Aprili 2001 lilitoka tangazo kwamba Perl na Python, lugha zenye wafuasi waliokuwa wakivutana siku zote, zimeungana na kuwa lugha moja itakayoitwa Parrot, yaani kasuku. Ni sawa na leo hii nikwambie Simba na Yanga zimeungana, zitavaa jezi ya kijani kwa mistari myekundu. Ulikuwa uongo mtupu, lakini jina lilipendeza, na watu wa Perl wakaja kutengeneza mtambo wa kweli wakaubatiza jina hilo hilo. Mwaka 2009, tarehe ile ile, watu wa Python wakatoa waraka kwamba mwasisi wao Guido anang'atuka, na nafasi yake inachukuliwa na mwenzao Barry Warsaw, atakayeitwa kwa cheo cha mjomba mwema wa lugha maisha yake yote. Nami ni mjomba, nikakipenda cheo hicho. Wakaenda mbali zaidi: ndani ya lugha yenyewe wakaweka neno la siri, ukiliandika, alama ya "si sawa na" inabadilika na kuwa ile aliyokuwa akiipenda Barry. Neno hilo limebaki humo. Na mwaka 2018 Guido aling'atuka kweli, amechoshwa na ugomvi juu ya alama moja mpya katika lugha hiyo. Ikachaguliwa halmashauri ya watu watano kuongoza, na mmoja wao alikuwa Barry. Mzaha wa miaka tisa nyuma ukawa umegusa jambo ambalo pengine hakuna aliyethubutu kulisema kwa uzito: mzee akiondoka itakuwaje?

Nilipofika hapo nikaacha kuandika katika daftari langu. Nilikuwa nimetoka kuona mtu amejilaza kaburini mwa baba yangu mdogo.

Kati ya watu wa mwanzo kuandika makala juu ya utani wa nchi hii ni Mwingereza aitwaye R. E. Moreau. Hakuwa mtaalamu wa mila. Alikuwa mtaalamu wa ndege, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, juu kule Usambara Mashariki, si mbali na Korogwe. Makala yake ilitoka mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. (Njiwa wa Bergen wangempendeza, naamini.) Wazee wetu hueleza kuwa utani ulitokana na vita vilivyokwisha na safari zilizofanywa pamoja. Watu waliopigana, au waliopita nchi ya wenzao wakibeba mizigo ya misafara ya kwenda pwani, waliwekeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Na ruhusa hiyo ina deni ndani yake. Yule anayekudai kodi ya kaburi ndiye aliyelichimba. Yule bibi aliyevaa koti la marehemu ndiye aliyeamka alfajiri kuchota maji. Mtu asiyekuzikia hana haki ya kukutania.

Mafundi wa kompyuta nao ndivyo walivyo. Waliomtangaza Guido kuwa ameng'atuka ni wale wale waliokuwa wakikesha nao kuitengeneza lugha yake. Mzaha wao una tarehe yake, kila aliye ndani anaijua, na kesho yake kazi inaendelea. Anayeuchukua mzaha huo na kuupeleka kwa mtu asiye mtani wake hafanyi utani tena.

Hilo nalijua kwa uzoefu mbaya. Nilipokuwa kijana, katika kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja, tulikaa tukabuni habari ya tarehe 1 Aprili: kwamba treni ya abiria imerudi, na siku hiyo itasimama Korogwe saa nne asubuhi. Nikaisoma mimi, kwa sauti yangu ya taarifa ya habari. Tukacheka studioni mpaka machozi. Mchana nikapata habari kwamba mama mmoja alitoka kijijini na tenga la machungwa, akamlipa mwenye baiskeli, akakaa stesheni mpaka jua likawa la utosi. Treni ya abiria ilikuwa imekoma kupita njia hiyo miaka mingi, na ilikuja kurudi kweli Desemba 2019. Yule mama hakujua tarehe 1 Aprili ni siku ya nini. Hakuwa mtani wangu. Alikuwa msikilizaji wangu, na alikuwa ameniamini.

Wakubwa nao wamejikwaa hapo hapo. Mwaka 2004 kampuni ya Google ilitangaza huduma yake ya barua pepe, Gmail, tarehe 1 Aprili, na watu wengi wakadhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Mwaka 2016, tarehe hiyo hiyo, iliweka katika huduma hiyo kitufe kinachotuma barua pamoja na kikatuni cha kumfunga mdomo unayemwandikia, na kitufe chenyewe kikakaa jirani na kile cha kawaida. Watu wakakibonyeza kwa bahati mbaya katika barua za kazi na za maombi ya kazi. Malalamiko yakamiminika, kitufe kikaondolewa kabla siku haijaisha. Mwaka 2020, dunia ikiwa katika ugonjwa wa korona, kampuni hiyo ikaamua kutofanya mizaha kabisa mwaka huo.

Nikamuuliza mpwa wangu: je, wewe katika utani huo ni mtani au ni yule mama wa machungwa?

Hakujibu upesi. Akasema alipoanza kusoma lugha hizi chuoni, mizaha ilimpita. Wenzake wawili watatu waliosoma shule za gharama walikuwa wakicheka, naye anacheka kwa kuwaigiza. Mizaha mingi imejengwa juu ya vichekesho vya Uingereza, vitabu vya Marekani na sikukuu zenye theluji. Tena ni ya zamani. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Princeton, Don Woods na James Lyon, walibuni lugha ya mzaha mtupu iitwayo INTERCAL, ambayo usipoiandikia "tafadhali" mara za kutosha inakataa kazi kwa kuwa huna adabu, na ukizidisha inakataa kwa kuwa unajipendekeza. Mtu yeyote aliyekulia Tanga, ambako shikamoo ikipungua ni kosa na ikizidi ni kejeli, angeifahamu lugha hiyo mara moja. Lakini hapakuwa na wa kutuletea. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa polepole. Kwa hiyo wakati wenzetu wanawekeana utani, sisi hatukuwepo barazani.

Siku hizi tupo, ingawa tumekaa karibu na mlango. Novemba 2023 watu wa Django, ambayo ni mtambo wa kutengenezea tovuti kwa Python, walifanya mkutano wao wa kwanza wa Afrika Zanzibar, na Agosti 2025 wakakutana Arusha. Mpwa wangu hakwenda, nauli haikupatikana. Alichonionyesha ni kitu kingine. Iko lugha iitwayo Nuru, imeundwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na maagizo yake ni ya Kiswahili: andika, rudisha, kama, wakati. Jambo likiwa la kweli inasema "kweli", likiwa la uongo inasema "sikweli", neno moja, jambo ambalo mwalimu wangu wa Kiswahili angelichora mstari mwekundu. Na unapoifunga, badala ya kuzimika kimya kimya, inakuandikia "Karibu tena". Nikaipenda kwa hilo. Haina bado msimu wake wa mizaha ninaoujua mimi, na wala haina haja ya kuazima theluji. Makunduchi, Unguja, kila Julai watu wa upande mmoja na wa pili huchapana kwa migomba katika Mwaka Kogwa, hasira za mwaka zikatoka, wakaenda kula pamoja. Tarehe 7 Julai nayo ni Siku ya Kiswahili Duniani. Wenye Nuru wakitaka tarehe, zipo.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, likaja jambo la mahesabu. Michango ya wanawake ilikuwa ikiandikwa uani katika daftari la dada yangu, kisha fedha hupelekwa barazani na kuandikwa tena katika daftari kubwa na mzee mmoja wa ukoo. Daftari la uani likasema shilingi 412,000. Daftari la baraza likasema kutoka uani zimepokelewa 377,000. Zimepungua 35,000. Hakuna aliyesema neno, lakini ndugu msikilizaji, unajua ule ukimya. Wake wa wajomba wakaanza kutazama kanga zao. Dada yangu akakaa wima, mikono magotini, na nikaona kidevu kinatetemeka.

Mpwa wangu akaomba madaftari yote mawili. Akaenda nyuma ya banda la kuku. Alitumia saa nzima kuingiza majina na fedha, kisha akaipa kompyuta kazi ya kuyapanga na kuyalinganisha ubavu kwa ubavu, kwa mistari aliyoirekebisha kutoka lile fumbo la kwanza. Akarudi na karatasi. Majina mengi yalilingana. Uani yalibaki manne yasiyo na wenzake barazani, na barazani yalibaki mawili yasiyo na wenzake uani.

Hapo kompyuta ikagonga ukuta. Aliyeokoa jahazi ni yule bibi mtani, akiwa bado na kofia ya marehemu kichwani. Akaomba asomewe. "Huyo mliyemwandika Mama Zuhura na huyo mliyemwandika Binti Kombo ni mtu mmoja, nyinyi Wazigua, mnahesabu mtu kwa mwanawe na kwa baba yake kama ng'ombe wa mahari." Na jozi ya pili nayo akaifungua hivyo hivyo. Yakabaki majina mawili, elfu ishirini na elfu kumi na tano. Bibi akamgeukia mzee wa daftari kubwa. "Na hizi mbili, nani aliyesema zisipite barazani, zikanunue sukari na mkaa upesi kwa kuwa wageni wanakosa chai?"

Mzee akakuna ndevu. Alikuwa amesema yeye mwenyewe, siku ya kuzika, na alikuwa amesahau.

Bibi akamtoza faini ya elfu mbili kwa kusahau na elfu moja kwa kukuna ndevu. Akalipa. Watu wakacheka kwa sauti ya kupumua. Dada yangu hakucheka, alinyanyuka akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

Mwaka uliofuata, Desemba 2025, bwana Wastl aliyapunguza mafumbo yake kutoka 25 hadi 12, na kuiondoa orodha ya dunia ya waliowahi kujibu. Mpwa wangu alisikitika kidogo, ingawa orodha yenyewe hakupata kuitokea. Bado anatengeneza simu stendi. Maduka mawili ya Korogwe yamempa kazi ya kuwapangia hesabu za bidhaa, kwa malipo ya kubahatisha.

Lakini nirudi Handeni. Asubuhi ya nne tulikuwa tunafunga mizigo. Mimi nilikuwa nje nikimtafuta dereva, kijana alikuwa bado amelala, amechoka. Nikamsikia dada yangu anagonga dirisha la chumba cha vijana.

"Wewe, amka. Saa mbili hii. Wazungu wako wamekwisha tega."